Mzee Karume, Trekta na Vilima vya Pemba

Marehemu Sheikh Abeid Amani Karume hakulelewa na jembe. Alilelewa na bahari. Alizaliwa mwaka 1905, akaingia ubaharia angali kijana, akaziona bandari nyingi za dunia kabla ya kurejea Unguja na kuwaongoza wenzake wenye mashua za kuvusha abiria. Mwaka 1957 alikuwa Rais wa kwanza wa Afro-Shirazi. Mtu huyo wa maji, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipompa madaraka, aliushughulikia udongo kuliko jambo lolote.

Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na tarehe 11 Novemba 1965, huko Dole, ukaanza ugawaji wa ekari tatu tatu. Lakini ekari tatu hazimtoshi mtu kununua trekta, wala trekta halina faida kuzunguka katika kipande kidogo. Kwa hiyo ilibidi Serikali yenyewe iwe mwenye mashine. China ilitoa mkopo usio na riba pamoja na wataalamu wake, na shamba la Serikali la Upenja likalimwa mpunga. Shabaha ilikuwa moja: Visiwa vijilishe, visitegemee mchele wa meli.

Pemba, hata hivyo, si Upenja. Kisiwa kile ni vilima na mabonde membamba. Kilimani imesimama mikarafuu, na hakuna mashine iliyokwea mkarafuu. Karafuu huchumwa kwa mkono, huchambuliwa kwa mkono, huanikwa juu ya majamvi. Bondeni ndiko kwenye mpunga, na huko trekta likichelewa hata siku chache baada ya mvua kubwa, huzama topeni. Tena wakulima wengi wa Pemba walikuwa na vishamba vyao vya mikarafuu tangu zamani, hata ekari tatu hazikuwa kwao neema ile ile waliyoipata maskwota wa Unguja. Mpango uliopimwa kwa kipimo cha kisiwa kimoja ulipelekwa katika kisiwa cha pili.

Hapa ndipo heshima kwa marehemu isitufumbe macho. Mwaka 1971 alizuia vyakula kutoka nje, mchele ukiwamo, kabla mabonde hayajaweza kuijaza nafasi yake. Serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za karafuu, ambazo sehemu yake kubwa zilitoka Pemba, na huku mchumaji wa Pemba akilala kwa muhogo. Kujitegemea lilikuwa lengo la haki. Bali tumbo la mfanyakazi halikupaswa kulipa kabla ya shamba kuzaa.

Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Sheikh Aboud Jumbe, aliyemrithi, alilegeza masharti ya vyakula, na mchele wa meli ukarudi madukani.