Percival Lowell na Mifereji ya Mirihi



Muhula uliopita tulitazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini. Nilichora kiini ndani ya kila seli, kama kitabu kinavyoonyesha, ingawa kwa macho yangu sikukiona hata kimoja. Mwalimu aliniuliza nimekiona wapi, nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo namfikiria sana Percival Lowell, na leo nawaletea habari zake.

Lowell alizaliwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1855, katika jamaa ya matajiri. Alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1876. Baadaye alikaa Japani na Korea, akaandika vitabu juu ya nchi hizo. Lakini moyo wake ulivutwa na Mirihi, sayari jirani yetu. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia alikuwa ameona mistari myembamba juu ya sayari hiyo. Aliiita kwa neno la Kiitaliano liwezalo kuwa na maana ya mikondo ya asili. Wasomaji wa Kiingereza wakalifahamu kuwa mifereji iliyochimbwa.

Mwaka 1894 Lowell alijenga kwa fedha zake kituo cha darubini huko Flagstaff, Arizona, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye hewa kavu. Huko alichora mistari mingi. Akafundisha kwamba Mirihi inakauka, na kwamba viumbe wenye akili wamechimba mifereji ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake.

Wengine walikataa. Mwaka 1903 Edward Maunder wa Greenwich, Uingereza, aliwaambia wanafunzi wanakili picha iliyowekwa mbali nao. Picha ile ilikuwa na madoa na alama ndogondogo tu, bila mifereji. Hata hivyo baadhi yao walichora mistari. Jicho lilikuwa limeunganisha lisichokiona vizuri. Lowell hakukubali, akafa mwaka 1916 na imani yake.

Je, kazi yake ilikuwa bure? Mimi nasema hapana. Ubishi ule ulionyesha kwamba kutazama kwa mbali hakutoshi. Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha. Hazikuonyesha mfereji hata mmoja, ila mashimo makubwa yaliyofanywa na mawe kutoka angani. Wengi walidhani habari imekwisha. Lakini mwaka 1971 Mariner 9 ilianza kuizunguka sayari, ikaona mabonde makavu yaliyochongwa na maji zamani sana.

Hapa duniani mvua na joto la chini ya ardhi vimeharibu sehemu kubwa ya miamba ya kale. Mirihi imeihifadhi mingi. Kwa hiyo mwaka 2021 chombo Perseverance kilitua huko ili kukusanya vipande vya miamba na kutafuta dalili za uhai wa kale. Swali la Lowell bado li hai, ila sasa linaulizwa kwa kushika mawe yenyewe.

Nami nilirudia mchoro wangu bila viini. Kisha Mwalimu akanipa tone la iodini nitie juu ya kitunguu, nikatazama tena, nikaviona. Ndipo nikavichora.