SIDI MUBARAK BOMBAY, KAPITA WA SAFARI



Kila mwaka wafinalisti wanazungumza sana juu ya safari. Mmoja anasema, nikipata diploma nitafika Ulaya, nitashika motokari na kupita inchi kwa inchi, toka Ubelgiji mpaka Italia. Ndoto ni nzuri, hakuna anayeikataa. Lakini ukimwuliza amejitayarisha namna gani, anacheka tu. Kwa hiyo leo ninataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyejua vizuri kupita katika inchi za kigeni. Tena mtu huyo alifika hapa kwetu Uvira.

Sidi Mubarak Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820, katika kabila la Wayao, upande wa mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Alipokuwa kijana mdogo, wakamata watumwa walishambulia kijiji chao. Walimpeleka Kilwa, wakamuuza. Baadaye alivushwa bahari mpaka Uhindi. Safari yake ya kwanza ya ng'ambo hakuipanga yeye; alichukuliwa kama mzigo. Alitumika huko miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipokufa, Bombay aliachwa huru, akarudi Unguja na kuandikwa askari wa Sultani. Jina lake ni la mji ule wa Uhindi ambao leo unaitwa Mumbai.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuja kutafuta maziwa makubwa ya Afrika. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani. Basi lugha ambayo Bombay aliipata katika utumwa ndiyo iliyomfungulia njia. Speke alisema naye, na Bombay aliwaeleza wapagazi kwa Kiswahili.

Walifika Ujiji mwezi wa 2, mwaka 1858. Halafu walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, na tarehe 26 mwezi wa 4 wakafika Uvira. Walitaka kujua jambo moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani ama unaingia? Kama ungetoka, labda ndiyo chanzo cha Nili. Sisi watoto wa hapa tungewajibu mara moja, sivyo? Watu wa Uvira nao waliwaambia kwamba unaingia. Lakini wageni walipotaka kujionea kwa macho, wapiga kasia na mkubwa wao walikataa katakata kusonga mbele, juu ya kuogopa makabila ya mbele. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, hata kusema kulimshinda. Ikawalazimu kurudi Ujiji. Wazungu waliendelea kubishana juu ya mto huo mpaka mwezi wa 11, mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wake na kuona maji yanaingia. Ona hasara hiyo: miezi mingi ya njia, na safari ikakatika karibu kabisa na mwisho kwa sababu watu wa kazi hawakukubali.

Mwaka 1860 Speke alimchukua Bombay tena, pamoja na Grant. Walipita Uganda, wakaona mahali Nili inapotoka katika ziwa Nyanza, wakateremka mpaka Misri mwaka 1863. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa Bombay medali ya fedha.

Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 ili amtafute Livingstone, alimweka Bombay kuwa kapita wa askari wake. Bombay mwenyewe alitafuta watu huru 18 wa kuongeza, akawaleta. Msafara mzima ulikuwa wa watu 192, wamegawanywa katika makundi matano. Walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, nyaya za shaba, na magunia 22 ya ushanga. Kwa nini aina nyingi hivi? Kwa sababu vitu hivyo ndivyo vilikuwa feza ya njia. Ushanga uliopendwa katika inchi moja ulikataliwa katika inchi nyingine. Tena kila mtemi alidai hongo kabla ya kufungua njia.

Wandugu, msifikiri hayo yamekwisha. Mtu anayepita Ulaya kwa motokari analipa kwenye barabara kubwa za Ufaransa na Italia. Uswisi inadai kibandiko chake. Huko Ufaransa na Italia feza ni yuro, lakini Uswisi ni faranga zao. Akivuka Uingereza, anaendesha kushoto. Hapo sijataja visa, bima na ruhusa ya kuendesha. Hongo imebadilika jina tu.

Lakini kuhesabu vitu si kazi yote. Kapita anasimama katikati. Wapagazi wakiwa na njaa, wanamlilia yeye. Mzungu akikasirika, anamkasirikia yeye. Katika safari ya 1860 Speke alimpiga ngumi, hata Bombay akamwacha kwa muda, kisha akarudi kazini. Stanley naye alimpiga fimbo. Katika vitabu vyao walimlaumu kwa ulevi na uvivu. Hata hivyo Speke huyohuyo alimsifu sana kuwa mwaminifu. Mimi ninauliza hivi: kama alikuwa mbaya, juu ya nini kila mzungu aliyekuja alimtafuta yeye?

Mwaka 1873 Cameron naye alimwandika. Walitoka Bagamoyo, wakafika Ujiji, wakazunguka upande wa kusini wa ziwa letu na kuona mto Lukuga, pale Kalemie ya leo, ambako maji ya ziwa yanatokea. Kisha walipita Nyangwe na kusini ya Kongo, wakafika bahari ya magharibi karibu na Benguela mwezi wa 11, mwaka 1875. Hivyo mtu aliyeuzwa utotoni alivuka Afrika toka bahari mpaka bahari kwa miguu yake. Alikufa mwaka 1885.

Bombay alikuwa Mwislamu, lakini maisha yake yanatukumbusha mfano wa Bwana Yesu katika Luka 14, juu ya mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Wewe unayeota Ulaya, anza sasa. Shika lugha, hata ile inayokuchosha darasani, maana hujui mlango utakaofunguliwa nayo. Uliza watu wa mahali, na ukiisha kuuliza, usidharau jibu lao. Wenzako wa njia, patana nao mbele ya kuondoka, si katikati ya ziwa.

Na sisi tulio makapita, tukilaumiwa na wakubwa na wadogo siku moja, tukumbuke kwamba msafara ulifika kwa sababu kapita alirudi kazini.

Kapita wa shule, darasa la 6