Aniceti Kitereza: Maisha ya Mtunzi na Safari ya Mswada wa Kikerewe

Aniceti Kitereza anatajwa mara nyingi katika historia ya riwaya ya Kiswahili, ingawa kazi iliyompatia jina hakuitunga kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake kwa kuyahusisha na safari ya mswada wake kutoka lugha moja hadi nyingine, na kuonyesha kwamba kilichouokoa mswada huo ndicho kilichowanyima Wakerewe kitabu walichoandikiwa.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, katika ukoo wa Wasilanga uliotawala kisiwa hicho. Ukerewe iko mkabala na pwani ya Bunda, na msafiri atokaye Nyasura huifikia kwa kuvuka maji kutoka Kisorya. Ujirani huo ni wa lugha pia: katika uainishaji wa Guthrie, Kikerewe (E24) na Kijita (E25), kinachozungumzwa upande huo wa bara, vimo katika kundi moja.

Akiwa bado mtoto, Kitereza alipelekwa kusoma katika misheni ya Kagunguli, na baadaye katika seminari ya Rubya, Bukoba, ambako alijifunza Kilatini miongoni mwa lugha nyingine. Hakupata upadri. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo walifariki wote wangali wadogo, lakini Kitereza hakumwacha mkewe wala hakuoa mke wa pili, japokuwa katika jamii yake kukosa mtoto kulihesabiwa kuwa sababu tosha ya kufanya hivyo.

Msiba huo ndio kiini cha riwaya yake. Kwa kutiwa moyo na Padri Almas Simard wa Kagunguli, Kitereza aliandika kwa Kikerewe mswada alioukamilisha mwaka 1945. Wahusika wakuu, Myombekere na Bugonoka, wanaishi Ukerewe ya kabla ya ukoloni, nao hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kwa sababu ya masimango ya wakweze. Mume anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi, na hatimaye anarudishiwa mkewe. Baada ya tiba ya mganga wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Kilimo, uvuvi, upishi wa pombe, uganga na malezi vinasimuliwa kwa kina, kwani mtunzi alitaka vizazi vya baadaye vijue jinsi wazee wao walivyoishi.

Lugha ya mswada ilikuwa sehemu ya lengo hilo, na majina ya watoto yanathibitisha jambo hili. Katika jina Ntulanalwo, kiambishi -lwo kinapatana na ngeli ya lu-, kikirejelea kifo: mwenye jina anasema kwamba anaishi nacho siku zote. Bulihwali nalo linauliza msiba utakwisha lini. Kwa msikilizaji Mkerewe, kila jina ni sentensi kamili yenye kumbukumbu ya watoto waliotangulia kufa. Kwa msomaji wa Kiswahili asiyepewa maelezo, ni majina tu.

Mswada ulikaa miaka mingi bila mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walionekana kuwa wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa wakifanya utafiti Ukerewe, walijitahidi kuutafutia njia. Ilibainika kwamba njia iliyobaki ni Kiswahili. Kitereza, aliyekuwa mzee tayari, akaifasiri kazi yake mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mtunzi alifariki Aprili 1981 kabla ya kukitia kitabu chake mkononi.

Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1991 na 1993, ilitokana na Kiswahili. Ile ya Kiingereza ya mwaka 2002 ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, kutokana na mswada wa Kikerewe.

Maisha ya Kitereza yanawaachia wanafasihi na wanaisimu funzo moja. Kiswahili kiliipa riwaya hii wasomaji wa taifa zima, na hiyo si faida ndogo. Hata hivyo, kuihesabu kuwa riwaya ya Kiswahili tu ni kufuta nusu ya kazi ya mtunzi. Anayeichambua hana budi kuusoma mswada wa 1945 sambamba na kitabu cha 1980, na kukichukulia Kiswahili cha Kitereza kuwa tafsiri ya mtu aliyejua vema ni kitu gani alikuwa akikiacha.