Walter Payton: Alibeba Bears Miaka 11, Usiku wa Super Bowl Wakamsahau

Kama wewe ni msee wa soka pekee, vuta picha hii. Kuna straika amebebea timu moja miaka 11. Timu ikiwa mbovu, yuko. Makocha wanafutwa, yeye yuko. Hatimaye wanafika fainali, wanaongoza mabao 5 bila, wanapata penalti. Wote mnajua nani anafaa kupiga, si ndiyo? Halafu kocha anamuita beki mgeni aliyesajiliwa mwaka huo huo, jamaa mnene kuliko kila mtu uwanjani, aende apige ndiyo mashabiki wacheke kidogo. Straika anabaki amesimama tu. Mechi inaisha, kombe wamechukua, na yeye hana bao hata moja.

Ungejisikia aje? Hiyo, kwa mpira wa Kimarekani, ndiyo ilimpata Walter Payton. Ilikuwa Januari 26, 1986, mjini New Orleans, na Marekani nzima ilikuwa inacheki.

Turudi nyuma kidogo, maana bila kujua alikotoka hutaelewa mbona ilimuuma vile.

Payton alizaliwa Columbia, mji mdogo wa Mississippi, enzi zile weusi na weupe hawakuwa wanasoma shule moja. Kwanza hakuwa hata mtu wa mpira. Alikuwa anapiga ngoma kwa bendi ya shule. Brathake Eddie ndiye alikuwa staa wa timu, na Walter hakutaka kushindana na mtu wa nyumbani, kwa hivyo alingoja Eddie amalize shule ndiyo akaingia uwanjani. Mwaka wa 1970 shule za mji wao ziliunganishwa, na ghafla vijana weusi na weupe wakawa timu moja. Wazazi waliokuwa wakikaa mbali mbali wakajipata wanashangilia kijana mmoja.

Chuo alienda Jackson State, chuo cha weusi pale Mississippi, alikokuwa Eddie. Huko ndiko alijifunza kitu kilichokuja kuwa alama yake. Mkimbiaji anayebeba mpira akiona mabeki wanamjia, kwa kawaida anatoka nje ya mstari wa uwanja ili asigongwe. Payton hakuwa wa kutoka. Alikuwa anageuka anamfuata beki mwenyewe, anamsukuma na mkono kifuani, na kama ni kuanguka, wanaanguka wote. Kama umewahi kucheki raga ya kina Shujaa, unajua vile mkono wa kifua unauma. Sasa fikiria kuupata kutoka kwa mtu wa kilo 90 ambaye amekutafuta makusudi. Cha kuchekesha ni kwamba jina lake la utani lilikuwa Sweetness. Utamu. Waulize mabeki kama waliuona huo utamu.

Chicago Bears walimchukua mwaka wa 1975, akiwa mchezaji wa 4 kuchaguliwa kati ya wapya wote wa ligi. Mechi yake ya kwanza alibeba mpira mara 8. Unajua alisonga yadi ngapi? Sufuri. Manze, sufuri kabisa. Na Bears wenyewe walikuwa timu ya kuhurumiwa, hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1963.

Lakini yeye alikuwa na akili ya mazoezi ambayo ni noma. Nyumbani Mississippi alikuwa anakimbia kwenye mchanga wa mto. Akiwa Illinois alijitafutia kilima kikali karibu na kwake, akawa anakipanda mbio kila msimu ukikaribia. Wachezaji wenzake walienda kujaribu naye, wakaishia kutapika. Ndiyo maana ndani ya misimu 13 alikosa mechi moja tu kwa sababu ya jeraha, na hiyo ilikuwa mwaka wake wa kwanza.

Novemba 20, 1977 aliamka na homa kali ya mafua. Wewe na mimi tungepiga simu kazini tuombe ruhusa. Payton akaingia uwanjani dhidi ya Minnesota Vikings, akabeba mpira mara 40, akakimbia yadi 275. Hakuna mtu wa ligi hiyo alikuwa amewahi kufikisha hapo kwa mechi moja, na rekodi hiyo ilikaa mpaka 2000. Bears walishinda 10-7. Yaani mtu mmoja anakimbia hivyo na bado timu inaponea kwa pointi 3. Hapo ndiyo unaona alikuwa anabeba mzigo wa aina gani.

Oktoba 1984 akavunja rekodi ya Jim Brown ya yadi nyingi zaidi za kukimbia katika historia ya ligi. Kila kitu alikuwa nacho sasa, isipokuwa pete ya ubingwa. Msimu huo Bears walifika hatua moja kabla ya Super Bowl, wakachapwa 23-0 na San Francisco 49ers.

Halafu ukaja msimu wa 1985.

Kocha alikuwa Mike Ditka, mzee wa hasira, aliyekuwa amechezea Bears hao hao waliobeba ubingwa wa 1963. Difensi ilikuwa ya Buddy Ryan, na hao wawili hawakupendana hata kidogo. Kwotabeki alikuwa Jim McMahon, mtukutu wa miwani nyeusi. Na kulikuwa na William Perry, kijana mpya wa karibu kilo 140, waliyembandika jina la Refrigerator, yaani friji. Kazi yake ilikuwa difensi, lakini Ditka akaanza kumpa mpira karibu na mstari wa kufunga, na Marekani yote ikapagawa naye. Matangazo ya biashara, vipindi vya TV, kila mahali ni Perry.

Timu hiyo ilishinda mechi 15 ikapoteza moja tu, 38-24 kwa Miami Dolphins. Wahenga wa Dolphins walifurahi sana, maana timu yao ya 1972 ndiyo pekee iliyowahi kumaliza msimu mzima hadi ubingwa bila kupoteza. Bears walivyo na madharau, siku iliyofuata baada ya kuchapwa walienda kurekodi video ya wimbo wa kujisifu kuhusu Super Bowl, ambayo hata hawakuwa wamefika bado. Wimbo ukahit, ukateuliwa kwa tuzo za Grammy. Payton na McMahon hawakuwa na wenzao siku hiyo, sehemu zao zilirekodiwa baadaye zikaunganishwa.

Payton naye, akiwa kwenye miaka ambayo wakimbiaji wengi washastaafu, alikimbia yadi 1,551 msimu huo. Mechi 9 mfululizo alipita yadi 100. Kwenye mtoano Bears waliwachapa Giants 21-0, kisha Rams 24-0. Timu mbili, pointi sufuri.

Sasa New Orleans. Wapinzani ni New England Patriots. Mchezo wa pili tu wa mechi, Payton anapewa mpira, anagongwa, mpira unamtoka. Patriots wanauokota na kupata pointi 3. Baada ya miaka 11 ya kungoja, huo ndio mwanzo wake.

Baadaye Bears waliwafanyia Patriots kitu cha aibu. Mapumziko ilikuwa 23-3. Mechi nzima, Patriots walikimbia yadi 7 pekee. Na sehemu ya siri ilikuwa Payton mwenyewe: mabeki wawili watatu walikuwa wanamkimbilia yeye kila mpira ukianza, wakiwaacha wenzake wazi. McMahon akafunga tachidauni 2 kwa kukimbia. Matt Suhey, beste wake Payton na mtu aliyekuwa akimfungulia njia miaka yote hiyo, akafunga moja. Robo ya tatu, mpira uko yadi moja kutoka kwa mstari. Yadi moja! Mashabiki wanajua wa nani. Ditka anampa Perry. Friji inaingia, ni 44-3, uwanja unalipuka.

Mechi ikaisha 46-10. Payton: mara 22, yadi 61, tachidauni hakuna.

Wenzake wakiwa wanamwaga shampeni, yeye alijifungia kwenye kijichumba cha kuhifadhia vitu pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa analia. Agenti wake ilibidi amtoe huko aende akaongee na waandishi, asije akaonekana mchoyo usiku wa ushindi. Wengine walimwona hivyo, na hadi leo kuna watu wanasema alijifikiria kuliko timu. Mimi siwezi. Ukifanya wera moja miaka 11 bila kulalamika, siku ya sherehe ukasahaulika, hiyo machozi si uchoyo. Ditka mwenyewe alikuja kukiri kwamba hakuwa amegundua Payton hajafunga, na kwamba kati ya yote aliyofanya kwenye mpira, hilo ndilo linamsumbua zaidi. Nashuku alisema kweli, lakini si ndiyo tatizo lenyewe? Hakugundua.

Siku mbili baada ya mechi, chombo cha anga cha Challenger kililipuka na watu 7 wakafa. Ziara ya mabingwa Ikulu ya White House ikafutwa. Timu hiyo ilikuja kualikwa na Obama mwaka wa 2011, na Payton hakuwepo tena.

Alistaafu baada ya msimu wa 1987 akiwa na yadi 16,726, rekodi iliyodumu hadi Emmitt Smith alipoivunja 2002. Mechi yake ya mwisho walipoteza, na alibaki ameketi peke yake kwenye benchi kitambo, kichwa chini. Maisha ya baadaye hayakuwa laini. Kitabu cha wasifu wake kilichotoka 2011 kiliongea kuhusu dawa za maumivu na ndoa yenye matatizo, na Chicago ikakasirika. Mwili uliogongwa miaka 13 hauwezi kukuacha hivi hivi.

Februari 1999 alitokea mbele ya waandishi akiwa amekonda, na akalia. Alikuwa na ugonjwa wa nadra wa ini unaoziba njia za nyongo, na alihitaji ini jipya. Kisha ikaja saratani, na hapo kubadilishiwa ini hakukuwezekana tena. Hata akijua halitamsaidia yeye, aliendelea kuhimiza watu wajiandikishe kutoa viungo.

Miezi hiyo ya mwisho kuna msee mmoja aliyekuwa akimpeleka hospitali na kukaa naye mpaka alipofariki Novemba 1, 1999. Ni Matt Suhey. Yule yule aliyefunga tachidauni ya kwanza ya Bears usiku ule wa New Orleans.