Bibi Salme na Nauli ya Kurudi

Taja Usagara mbele ya mtu wa Tanga, atafikiria shule. Sare, kengele, wanafunzi njiani, basi. Kumbe Usagara yenyewe ni nchi ya bara, huko milima ya Kilosa, na mwaka 1885 ugomvi juu ya nchi hiyo ndio uliompa binti mmoja wa Sultani nafasi ya kupanda meli kurudi kwao Unguja, baada ya miaka 19.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mama yake suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri. Kalamu hiyo ikamponza: mwaka 1859, akiwa na miaka 15 tu, alimwandikia barua kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu waliogawanyika.

Kisha akapendana na jirani, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete. Akapata mimba. Mji ulikuwa mdogo, siri haikai. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Mei 1867 akabatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza. Miaka mitatu haikupita sana, mume akaanguka kwenye tramu mjini Hamburg akafa. Mjane, watoto watatu, baridi, na pesa zikawa za kuhesabu. Akawa anafundisha Kiarabu ili aishi.

Mwaka 1875 Barghash, sasa yeye ndiye Sultani, alizuru London. Salme akamfuata huko apatane naye na adai urithi wake. Wakubwa wa Kiingereza wakazuia wasionane.

Miaka kumi ikapita. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alivuka kutoka Unguja hadi Saadani, pwani hii hii yetu, akaingia bara na kurudi na karatasi alizodai ni mikataba ya machifu wa Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami. Februari 1885 Kaisari akaweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga. Berlin ikatuma manowari, na hapo ndipo wakamkumbuka mjane wa Hamburg. Miaka yote aliyoomba msaada hakusikilizwa. Sasa nafasi kwenye meli ikapatikana.

Agosti 1885 Salme akafika Unguja na watoto wake kwa meli iitwayo Adler. Karibu yake, manowari zimeelekeza mizinga kwenye jumba la kaka yake. Watu mitaani walimlaki na kumsalimia. Barghash hakutaka hata kumwona. Na kweli, wewe ungemfungulia mlango dada aliyekuja na mizinga ya wageni? Sultani akasalimu amri juu ya Usagara. Wajerumani walipopata walichotaka, madai ya Salme yakawekwa kando, akarudishwa Ulaya.

Mwaka 1888 Barghash alifariki, Salme akasafiri tena. Akaambulia patupu tena. Mwaka ule ule bendera ya Wajerumani ilipandishwa Pangani, Abushiri na wenzake wakainuka, na Tanga ikapigwa mizinga kutoka baharini. Salme hakurudi Ujerumani kukaa; aliishi Jaffa na Beirut mpaka 1914. Alifia Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza.

Wengine humwita msaliti, wengine shujaa. Mimi naona mtu aliyetaka kwao, akapanda chombo pekee kilichokubali kumbeba. Tatizo chombo kilikuwa na safari yake. Sisi hapa chuoni kila siku tunaulizana nani atatulipia nauli ya kwenda nje. Ya kurudi hatuiulizi. Tuiulize mapema: analipa nani, na tukishuka bandarini, nyuma yetu kutakuwa na nini?