Mama aliyegonga milango kwa ajili ya watoto

Wewe mama unayemeza ARV ukiwa mjamzito, huenda jina la Elizabeth Glaser ni geni kwako. Alikuwa mwalimu huko Marekani, mke wa mwigizaji wa televisheni. Mwaka 1981, alipojifungua binti yake Ariel, alivuja damu nyingi akaongezewa nyingine. Damu ile ilikuwa na VVU, na wakati huo kipimo hakikuwapo. Akamnyonyesha Ariel bila kujua. Mwaka 1984 akazaa mtoto wa kiume, naye akaambukizwa akiwa tumboni. Walikuja kujua baada ya Ariel kuanza kuugua.

AZT iliruhusiwa mwaka 1987, lakini kwa watu wazima; watoto wakabaki wakisubiri. Ariel alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 7. Mwaka huohuo mama yake na rafiki zake wawili walianzisha mfuko wa utafiti wa Ukimwi kwa watoto, akawa anagonga milango ya wakubwa Washington huku naye ni mgonjwa. (Leo taasisi yenye jina lake inafanya kazi hata hapa Tanzania.)

Februari 1994 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa AZT kwa wajawazito: maambukizi kwa watoto yalishuka kutoka takriban 25 kwa kila 100 hadi 8. Elizabeth alifariki Desemba mwaka huo.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo kina mama bado wananiuliza: mtoto wangu hana VVU, je, dawa nilizomeza zitamdhuru? Ni swali la haki. AZT inaweza kumpunguzia mtoto damu, ingawa kwa kawaida hurudi dawa ikiisha. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliripoti watoto wachache sana, kati ya zaidi ya 1,700, waliopata hitilafu katika namna seli zinavyotengeneza nguvu. Walio wengi hukua vizuri, na hatari ya kuacha dawa ni kubwa kuliko hiyo.

Hata hivyo, watoto hawa huugua nimonia na kuhara zaidi ya wenzao, hasa mama akiwa dhaifu. Kwa hiyo jibu la hana VVU lisikufanye uache kliniki. Mpeleke apimwe uzito, amalize chanjo, na kipimo cha mwisho kifanyike baada ya kuacha kunyonya. Akipauka, akichelewa kukaa au kutembea, mwambie muuguzi kwamba ulitumia ARV ukiwa na mimba yake.