Mwenye Heri Anwarite, Dada kati ya Dada Zake

Katika yubile hii yafaa tumkumbuke binti wa nchi yetu, Mwenye Heri Anwarite Nengapeta. Alizaliwa mwaka 1939 upande wa Wamba. Tarehe 5 Agosti 1959, huko Bafwabaka, aliweka nadhiri katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu, akaitwa Maria Klementina. Hakutafuta ukubwa: alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi Simba waliwapakia masista katika lori, wakawafikisha Isiro. Mkubwa wa askari akataka kumfanya Anwarite mke wake. Yeye alikataa, na Mama Mkubwa hakukubali kumtoa. Usiku wa kuamkia Desemba 1 aliuawa, akimsamehe muuaji wake. Dada zake, mbele ya bunduki, waliimba utenzi wa Bikira Maria kando yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Agosti 1985.

Basi, Mkristu hasimami peke yake. Aliyeiacha jumuiya yake kwa sababu ya ugomvi arudi, nasi tumpokee.

Mwenye Heri Anwarite, utuombee.